Habari za Mvua Ni Haki ya Mkulima na Mvuvi



Tunapotaja haki, wengi wetu huwaza mashauri ya vibanja, mirathi ya wajane na vijana walioko mahabusu. Ni sawa kuwaza hivyo. Lakini ipo haki nyingine ambayo haipigiwi kelele: haki ya mkulima na mvuvi kupata mapema habari za mvua na upepo, kwa lugha anayoielewa. Sisi tunasema wazi kwamba habari ya hali ya hewa isiyomfikia mwenye jembe na mwenye kasia haijatimiza kazi yake, hata ikitangazwa mjini mara kumi.

Habari zenyewe zipo. Tangu mwaka 1998 wataalamu wa nchi za Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika hukutana kabla ya misimu ya mvua na kutoa mwelekeo wa kanda nzima. Nayo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa utabiri wa vuli, yaani Oktoba hadi Desemba, na wa masika, yaani Machi hadi Mei. Mwezi Agosti 2023 ilitangazwa kwamba vuli ya mwaka huo ingekuwa na mvua nyingi kwa sababu ya El Niño, na mvua hizo zilinyesha kweli. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba mambo haya hayajulikani.

Kasoro ya kwanza ni kwamba habari hizo hutaja mkoa kana kwamba ni shamba moja. Pepo zitokazo ziwani humwaga mvua zake ukanda huu wa pwani ya ziwa, na Bukoba hupata kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka. Ukivuka kuelekea Karagwe, zipo sehemu zinazopata nusu ya hizo au pungufu. Mkulima wa Kemondo akiambiwa tu habari za “Mkoa wa Kagera”, je, aanike kahawa yake au aiingize ndani?

Kasoro ya pili ni lugha. Wataalamu husema mvua zitakuwa “juu ya wastani”, “za wastani” au “chini ya wastani”, na hutaja uwezekano wa kila moja. Wakisema uwezekano wa mvua za juu ya wastani ni 45 kwa 100, hawajaahidi mvua kubwa. Uwezekano wa mvua za wastani au chini yake bado ni 55. Asiyefafanuliwa hayo huuona utabiri kuwa uongo siku ya kwanza unapomwendea kombo, wala hausikilizi tena. Vivyo hivyo maneno “angalizo”, “tahadhari” na “tahadhari kubwa” yana daraja zake. Ni watu wangapi vigangoni mwetu wamefundishwa tofauti yake?

Kasoro ya tatu ni wakati. Mvuvi wa dagaa huingia ziwani usiku wa giza, nao usiku ndio wakati ambapo dhoruba nyingi huumuka katikati ya ziwa. Habari inayomfikia asubuhi ni ya kuhesabia waliorudi. Tukumbuke tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria ilipoanguka ziwani ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa, wakafa watu 19. Wavuvi na mitumbwi yao ndio waliotangulia kuwafikia manusura. Rubani haruki bila kupewa habari za anga. Basi mvuvi anayetoka Kemondo kwenda Bumbire au Goziba anastahili kunyimwa kwa kosa gani?

Hapa ndipo jambo hili linapokuwa la haki. Mwenye mtaji hupata habari, akajaza ghala, akasubiri bei. Mama mwenye debe moja la mbegu ya maharage hupanda mara moja tu. Mvua ikimhadaa, hana mbegu ya pili, na mkopo huanza hapo.

Tunaiomba Serikali itoe habari za ukanda wa ziwa peke yake, si za mkoa mzima tu, na kila kata ipate kipima mvua kinachosomwa kila siku. Tunawaomba maafisa ugani na watendaji wa vijiji wazifafanue mkutanoni, kabla watu hawajapanda. Wenye mitumbwi wasimlazimishe kibarua kuingia ziwani siku ya tahadhari. Huko ni kuuza uhai wa mtu kwa ndoo ya dagaa.

Nasi tusijivue wajibu. Matangazo ya Dominika yanataja ndoa na michango. Yanaweza pia kutaja utabiri wa juma. Kila Jumuiya Ndogo Ndogo imteue mmoja wa kusikiliza redio na kuwapasha wengine, hasa wazee na wajane wasio na simu. Mwaloni pawe na bendera inayoonekana kabla ya jua kuzama.

Yosefu alijua habari ya njaa ya Misri miaka saba kabla. Lakini kujua peke yake kusingeliokoa taifa. Kilichowaokoa watu ni habari ile kufikishwa ghalani. Nasi tuzifikishe za kwetu kibanjani na mwaloni.