Ahadi ya Mjomba



Mwezi huu nataka kusema juu ya deni ambalo wengi wetu twadaiwa, wala hatulihesabu kuwa ni deni: ahadi tuwapazo watoto wa ndugu zetu. Dada yangu akaa Kibaha pamoja na wanawe wawili, wa kiume wa miaka 9 na wa kike wa miaka 7, nao wamefiwa na baba yao. Idi moja niliwaahidi kuwapandisha treni ya umeme. Ikapita Idi hiyo, ikaja nyingine. Kila nilipokwenda kuwaamkia, mvulana aliniuliza, "Lini, mjomba?" nami humjibu, "Wiki ijayo, inshallah." Neno hilo tukufu nikalifanya pazia la kujifichia. Mwishowe mtoto akaacha kuuliza, na kule kunyamaza kwake ndiko kulikoniuma.

Abu Daud amepokea kutoka kwa Abdullah bin Amir (r.a.) ya kwamba alipokuwa mdogo, mama yake alimwita aje ampe kitu, naye Mtume (s.a.w.) alikuwa ameketi nyumbani mwao. Mtume akamwuliza mama yule alikusudia kumpa nini. Akasema, tende. Akamwambia kwamba lau asingalimpa kitu, angaliandikiwa uongo mmoja. Ikiwa ni hivyo kwa tende, je, kwa treni?

Basi Jumamosi moja tukatoka asubuhi mpaka stesheni ya Soga. Reli hii mpya ilianza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na mwendo wake hufika kilomita 160 kwa saa. Ile ya kale, waliyoijenga Wadachi, ilianzia Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Morogoro mwaka 1907, na chombo chake wazee wetu wakakiita garimoshi. Binti akauliza, hiki cha sasa tukiiteje, maana hakina moshi? Sikuwa na jibu. Kutoka Soga hata Pugu ni safari fupi mno, nami nilichelea watanung'unika. Kumbe walishuka wakicheka kana kwamba wametoka Kigoma.

Hapo tukapanda gari kwenda Kisarawe, tukaingia msitu wa Pugu na Kazimzumbwi. Ni katika misitu ya kale ya pwani yetu, na imo mimea humo isiyoota po pote pengine duniani. Wako wasemao kwamba matembezi kama haya ni anasa za Kizungu. Sikubaliani nao hata kidogo. Mtume wetu alimwuliza mtoto mdogo, Abu Umayr, habari za kindege chake alichokuwa akicheza nacho, kikafa; nasi je, twaona haya kusimama na mtoto kumtazama kima mtini?

Adhuhuri tuliisali chini ya mti, rakaa nne kamili. Nalitaja hili kwa kuwa kijana mmoja tuliyemkuta huko alitaka kupunguza. Kutoka Kibaha au Dar es Salaam hata Kisarawe hakufikii masafa ya kupunguzia Sala katika madhehebu ya Shafi, ambayo ni yapata kilomita 80. Tukala mihogo na maandazi aliyotufungia dada, na kwa njia nikanunua fenesi.

Ilipofika Alasiri, mvulana alikwisha kusikia habari za mapango ya Pugu, yaliyochimbwa ili kupata udongo mweupe wa kaolini, ambayo popo hulala humo mchana na kutoka jua litwapo. Akanishika mkono. "Mjomba, tungoje tuwaone wakitoka." Nami nilikumbuka agizo la Mtume, lililomo katika Bukhari na Muslim, kwamba watoto wazuiliwe nyumbani usiku uingiapo, tena njia ya kurudi ilikuwa ndefu. Ulimi wangu ulikwisha kuanza: "Tutarudi wiki..." Nikaukata. Nikamwambia, "Leo haiwezekani, mwanangu, wala sijui ni lini itawezekana."

Akanitazama kitambo, kisha akasema, "Basi usiniahidi, mjomba. Siku utakayoweza, njoo unichukue tu."

Tulifika kwa mama yao kabla ya Magharibi, na fenesi limenukisha gari zima.