Waingereza Waliokaa Kwetu

Husemwa kwamba Mwingereza hakai karibu na wenyeji. Si wote. Reli ya kutoka Rhodesia ilipofika Elisabethville (leo Lubumbashi) mwaka 1910, ilileta Waingereza wa shaba na biashara, nao wakakaa peke yao na Kiingereza chao. Sisi makarani wa migodi tunaijua desturi hiyo: mtu anamaliza miaka kumi bila kujua jina la jirani.

Lakini mwaka 1915 William Burton, mhubiri, alifika Mwanza (ya Katanga, si ile ya Tanzania) pamoja na mwenzake James Salter. Alijifunza Kiluba, akaandika mithali za wazee, akakaa mpaka mwaka 1960. Kiluba chake kingewaaibisha vijana wetu wengi wa mjini!

Je, alichanganyika nasi? Nusu. Alikuja kutubadili, si kubadilika. Huku Kinkondja mgeni huwa mwenyeji siku anapokubali kuhukumiwa na wazee kama sisi. Tena vitu vingi vya kale alivyokusanya vilikwenda Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Tunaomba watoto wetu waonyeshwe, hata kwa picha tu.