Kanuni za Usafi Katika Nyumba za Wazee

Welezo na Sebleni, hapa Unguja, ni makao ya wazee ambao wengi wao hawana jamaa wa kuwatunza. Mwaka 2020, korona ilipozuka, nchi nyingi zilizifungia wageni nyumba za namna hii. Sababu ilikuwapo: mwili wa mzee hushindwa upesi na maradhi. Lakini upweke nao humdhoofisha, na mgeni si njia pekee ya maradhi. Tangu mwaka 1847, daktari Ignaz Semmelweis alipolidhihirisha jambo hilo kule Vienna, yajulikana kwamba mikono ya mhudumu yaweza kuyahamisha kutoka kitanda hadi kitanda. Anayemwogesha mzee mmoja kisha akamlisha wa pili ahitaji maji yatiririkayo, sabuni, glavu, na wenzake wa kutosha asije akafanya kazi kwa pupa. Kumwamuru anawe pasipo maji ni kumtwisha kosa lisilo lake. Enyi mpangao bajeti, anzeni na bomba. Mgeni mwenye kikohozi aombwe kurudi siku nyingine. Aliye mzima anawe, aingie, amwamkie mzee.