Mafuta yanapokosekana: je, serikali ikipanga bei inatosha?

Kama unaishi Yoba hapa Gitega, huhitaji kuambiwa kwamba mafuta ni haba. Unaona magari yamepangwa mbele ya stesheni tangu usiku, madereva wamelala ndani. Unajua pia kwamba esansi haijaisha kabisa: ipo kwenye bidoni, nyuma ya nyumba ya mtu, na bei yake si ile iliyotangazwa. Wewe uliye kambi ya Kinama, Muyinga, hata kama huna pikipiki, unalipa bei hiyo kila unapopanda moto kwenda hospitali au unaponunua unga ulioletwa na gari.

Ndiyo maana swali hili linarudi kila mara: kwa nini serikali isiwabane wenye mafuta ili washushe bei? Tulitazame kwa utulivu, maana jibu si lile ambalo wengi wanalitarajia.

Bei tayari inapangwa

Hapa Burundi stesheni haijipangii bei. Serikali ndiyo inayotangaza lita ya esansi na ya mazutu itauzwa faranga ngapi. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya mafuta duniani, bei hiyo ilipandishwa zaidi ya mara moja, na kufikia 2024 lita ya esansi ilikuwa karibu faranga 4,000. Uagizaji nao ulibadilishwa: kazi iliyokuwa ya kampuni binafsi ikapewa Regideso, shirika la maji na umeme, kisha ikaundwa kampuni ya serikali, SOPEBU.

Kwa hiyo udhibiti upo. Hata hivyo foleni hazikuisha. Tena, bei ya dunia ilishuka baada ya 2022, lakini hapa uhaba ulizidi. Basi chanzo hakiko kwenye visima vya Waarabu peke yake.

Tatizo ni dola

Burundi haichimbi mafuta. Inayanunua nje kwa dola, na dola inazipata kwa kuuza kahawa, chai na dhahabu, au kwa misaada na mikopo. Inachouza nje ni kidogo sana kuliko inachonunua. Mwezi Mei 2023 Benki Kuu ilishusha thamani ya faranga, dola ikapanda kwa zaidi ya theluthi moja, hadi kama faranga 2,800. Lakini mtaani, kufikia mwisho wa 2024, dola moja ilikuwa inauzwa zaidi ya faranga 6,000.

Sasa piga hesabu nyepesi kwa bei za 2024. Tuseme lita moja inafika mpakani kwa dola 1. Anayepata dola benki atatumia karibu faranga 3,000, na akiuza 4,000 anabaki na kitu. Anayenunua dola mtaani atatumia 6,000 na zaidi. Huyo hawezi kuuza 4,000 stesheni, hata umtishe namna gani. Ama ataacha kuagiza, ama mafuta yatatokea mlango wa nyuma. Na aliyepata lita kwa 4,000 anashawishika kuiuza tena kwa bei ya magendo, mara mbili, mara tatu au zaidi. Bei ndogo iliyoandikwa kwenye pampu inamsaidia yule tu anayefika kwenye pampu.

Watu wa Muyinga wanaliona hili kwa macho yao. Malori ya mafuta kutoka Tanzania yanaingilia Kobero, yanapita barabarani, na bado stesheni za jirani zinakauka.

Majirani wamefanya nini?

Mliorudi kutoka Nduta na Nyarugusu mnajua kwamba Tanzania nayo inapanga bei. Shirika la EWURA hutangaza bei ya juu kila mwezi, likifuata gharama halisi za kuleta mafuta. Agosti 2011 baadhi ya kampuni zilisusa kuuza baada ya bei kushushwa, na kampuni moja kubwa ikafungiwa leseni kwa miezi 3. Udhibiti huo una meno, lakini pia bei inapanda na kushuka, kwa hiyo muuzaji ana sababu ndogo zaidi ya kuficha.

Kenya ilijaribu kulipia sehemu ya bei. Aprili 2022 malipo kwa kampuni yalichelewa, na Nairobi ikajaa foleni kama za kwetu. Septemba mwaka huo ruzuku ya petroli iliondolewa, lita ikaruka kutoka shilingi 159 hadi 179 kwa siku moja.

Uganda haipangi bei kabisa. Januari 2022, malori yalipokwama mpakani na Kenya, katika baadhi ya miji lita ilivuka shilingi 10,000, na hakukuwa na wa kumzuia muuzaji.

Basi jibu ni nini?

Soko likiachwa huru kabisa, maskini anaumia siku ya kwanza ya shida. Bei ikifungwa bila dola, maskini anaumia polepole, gizani, kwa bei ya magendo. Kwa maoni yetu udhibiti unahitajika, ila si wa bei peke yake. Wananchi na wakimbizi wangefaidika zaidi kama ingetangazwa wazi ni lita ngapi zimeingia, zimepelekwa stesheni gani, na nani anatangulia: gari la wagonjwa, mashine za hospitali, malori ya chakula. Na bei ikifuata gharama ya kweli, angalau utalipa kwa muuzaji anayejulikana.

Kwa sasa

Patana nauli na mwenye moto kabla ya kupanda. Mama mjamzito aliye karibu kujifungua, au mgonjwa anayezidiwa, asingoje usiku ndipo gari litafutwe. Mjulishe mhudumu wa afya mapema. Usiweke esansi ndani ya nyumba wala ya hema, hata bidoni moja: cheche ya mbabula inatosha kuteketeza mstari mzima.

La mwisho, kuna uvumi kwamba mafuta yamemalizwa na wakimbizi waliovuka kutoka Kivu kuanzia Februari 2025. Si kweli. Foleni zilikuwepo miaka kadhaa kabla yao. Ukisikia maneno hayo sokoni au kwenye foleni, mweleze mwenzako hesabu ya dola. Wote tunasimama kwenye foleni moja.