Fununu za vifaa vipya vya muziki zisimalize mtaji wa muuzaji wa Kasanda

KILA Septemba inapokaribia, wachambuzi wa teknolojia duniani huanza kutabiri kitakachozinduliwa na kampuni ya Apple ya Marekani. Kwa miaka mingi utabiri huo ulihusu iPod, kifaa cha mfukoni cha kusikilizia muziki. Siku hizi unahusu zaidi simu na visikilizio visivyo na waya.

Kwa muuzaji wa redio na simu wa Kasanda, katika nyanda za juu za Kigoma, habari hizo ni za mbali. Hata hivyo, historia ya iPod ina mafunzo mawili yanayomgusa moja kwa moja. Kwanza, fununu ya kifaa kipya hushusha thamani ya mzigo uliopo dukani kabla kifaa chenyewe hakijafika. Pili, watabiri mara nyingi hupima mambo ambayo mnunuzi wa kijijini hayaulizi kabisa.

Tarehe ilijulikana, umbo likawa la kubahatisha

Apple ilitangaza iPod ya kwanza Oktoba 23, 2001. Iliuzwa kwa dola 399 za Marekani na ilikuwa na uwezo wa kubeba nyimbo 1,000. Baada ya hapo ukajengeka utaratibu ambao ulirahisisha kazi ya watabiri. Kuanzia mwaka 2005 hadi 2010, kila mwanzo wa Septemba kampuni hiyo iliita waandishi wa habari na kuonyesha vifaa vipya vya muziki. Ilifanya hivyo Septemba 7, 2005, Septemba 12, 2006, Septemba 5, 2007, Septemba 9 mwaka 2008 na 2009, na Septemba 1, 2010.

Kwa hiyo kutabiri wakati hakukuwa kazi ngumu. Ugumu ulikuwa katika kujua kitakachoonyeshwa. Watabiri walitumia dalili kama vile ununuzi wa vipuri kwa wingi, kupungua kwa mzigo katika maduka na picha zilizovuja viwandani. Mwaka 2005, kabla ya Septemba, zilisikika habari kwamba Apple inanunua kwa wingi kumbukumbu za fleshi kutoka Samsung ya Korea Kusini. Aliyezifuatilia aliweza kuhisi kwamba diski ndogo zinazozunguka, zilizokuwa ndani ya iPod mini, zinaelekea kuachwa. Ndivyo ilivyokuwa. Septemba 7 ikatoka iPod nano, nyembamba na yenye fleshi, na iPod mini ikaondolewa sokoni siku hiyohiyo, ingawa ilikuwa bado inanunuliwa sana.

Mwaka 2009 dalili ziliwapotosha wengi. Ilivumishwa kwamba iPod touch itawekewa kamera. Siku ya uzinduzi ilipofika, kamera ikaonekana kwenye iPod nano, huku touch ikiachwa bila kamera hadi mwaka uliofuata. Mwaka huohuo wa 2010 nano mpya ikatoka bila kamera. Aliyekuwa amepanga ununuzi wake kwa kufuata utabiri angekosea mara mbili ndani ya miezi 12.

Anayeumia ni mwenye mzigo

Mtabiri akikosea, hupoteza heshima kidogo na mwaka unaofuata anatabiri tena. Mwenye mzigo dukani hupoteza fedha, hata pale utabiri unapokuwa sahihi.

Mfano ulio wazi ni wa Septemba 5, 2007. Simu ya iPhone, ambayo pia ilikuwa ya kusikilizia muziki, ilianza kuuzwa Juni 29 mwaka huo, ile ya kumbukumbu kubwa kwa dola 599. Miezi miwili baadaye Apple ilishusha bei hadi dola 399. Walionunua mapema walilalamika sana, na kampuni ikalazimika kuwapa hati ya manunuzi ya dola 100. Wao walikuwa na kampuni ya kuilalamikia. Mchuuzi wa gulioni akishukiwa na bei hana wa kumlalamikia.

Mfano mwingine ni wa kampuni ya kompyuta ya Osborne ya Marekani, ambayo mara nyingi hutajwa katika mafunzo ya biashara. Mwaka 1983 ilieneza habari za kompyuta mpya kabla haijawa tayari. Wateja wakaacha kununua iliyokuwapo wakisubiri mpya, na Septemba mwaka huo kampuni ikafilisika. Wapo wanaosema yalikuwapo matatizo mengine pia, lakini kampuni nyingi zimeiogopa hatari hiyo hadi leo. Ndiyo sababu mojawapo ya usiri mkubwa kabla ya uzinduzi, na usiri huo ndio unaozalisha fununu.

Maswali ya mnunuzi wa Kasanda

Katika kutabiri iPod, wachambuzi walibishana kuhusu idadi ya nyimbo, ukubwa wa kioo na wembamba. Kwa mnunuzi wa Kasanda, eneo lililokuwa la wilaya ya Kibondo kabla ya Kakonko kuwa wilaya mwaka 2012, maswali yalikuwa mengine: nyimbo zitaingiaje, chaji itatoka wapi, na kikiharibika nani atakitengeneza?

Swali la kwanza peke yake lilitosha kuikataa iPod. Ili kuiingizia nyimbo ilihitajika kompyuta yenye programu ya Apple, na haikuwa na sehemu ya kuchomeka memori kadi. Viwanda vya China viliona pengo hilo. iPod shuffle, ile ndogo isiyo na kioo, ilipotoka mwaka 2005 na kubadilishwa umbo mwaka uliofuata, viwanda hivyo viliiga umbo lake, vikaongeza tundu la memori kadi na kuuza kwa bei ya chini sana. Vifaa hivyo vilisambaa katika masoko mengi ya Afrika. Mwenye kadi hakuhitaji kompyuta yake mwenyewe. Alimpelekea kijana wa stesheni au studio, akamlipa kidogo, akawekewa nyimbo za Bongo Fleva, za dini au za Kikongo.

Suala la redio nalo halikupewa uzito na watabiri. iPod ilikaa miaka minane bila toleo lenye redio ya FM ndani yake. Ilipatikana kwa mara ya kwanza kwenye nano ya mwaka 2009. Katika maeneo ya Kibondo na Kasulu, ambako Redio Kwizera ya Ngara imekuwa ikisikika tangu miaka ya 1990, kifaa kisichoshika redio kilikuwa nusu ya kifaa. Mkulima anataka muziki, lakini anataka pia habari, matangazo ya vifo na bei za mazao.

Kuhusu chaji, hadi mwaka 2022, gridi ya Taifa ilipofika, miji kama Kasulu na Kibondo ilitegemea majenereta ya dizeli. Vijijini watu walitumia betri za kununua na paneli za sola. Redio ya betri mbili za tochi ilimshinda mshindani yeyote mwenye betri ya ndani isiyoweza kubadilishwa.

Hatimaye kilichoviondoa sokoni vifaa vya muziki pekee ni simu. Mauzo ya iPod duniani yalifikia kilele mwaka wa fedha wa 2008, ambapo ziliuzwa zaidi ya milioni 54. Mwaka 2014 zilikuwa zimeshuka hadi milioni 14. Mei 10, 2022 Apple ilitangaza kwamba haitengenezi tena iPod. Barani Afrika nafasi hiyo ilichukuliwa na simu za bei nafuu zenye laini mbili, redio, tochi na tundu la memori kadi, nyingi zikiwa za Tecno na Itel. Mchambuzi aliyetazama mikutano ya Marekani pekee hakuweza kuliona hilo likija. Mchuuzi aliyesikiliza wateja wake wakiuliza kama simu “inakaa na chaji” alikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kuliona.

Septemba katika kalenda ya shamba

Kwa wauzaji wa nyanda za juu kuna jambo jingine linaloifanya Septemba kuwa ya hatari. Kigoma hupata msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia karibu Oktoba hadi Mei. Fedha za mahindi, maharage na tumbaku huonekana zaidi kuanzia katikati ya mwaka. Juni hadi Agosti ndipo kijana anaponunua simu au redio na mwenye nyumba anaponunua sabufa. Septemba watu wanaandaa mashamba, na fedha inakwenda kwenye mbegu, mbolea na vibarua.

Kwa hiyo mzigo uliobaki mwishoni mwa Agosti unapigwa mara mbili. Wanunuzi wamepungua, na wakati huohuo matoleo mapya yanatangazwa duniani. Viwanda vinavyoiga navyo hubadilisha maumbo, na wenye maduka ya jumla Kariakoo, Mwanza au Kahama hushusha bei ya mzigo wa zamani ili kupata nafasi.

Chukulia muuzaji mwenye sh 660,000. Ananunua vifaa 30 kwa sh 20,000 kila kimoja, na sh 60,000 zinakwenda kwenye nauli na usafirishaji. Akiviuza vyote kwa sh 27,000, anapata sh 810,000, faida ikiwa sh 150,000. Lakini akiuza 20 hadi Agosti, na 10 zilizobaki akalazimika kuziachia kwa sh 12,000 kwa sababu umbo jipya limefika, anapata sh 540,000 na sh 120,000, jumla sh 660,000. Amerudi pale alipoanzia, na miezi imepita.

Muuzaji huyo angenunua vifaa 20 tu, faida yake ingekuwa sh 80,000 baada ya kutoa nauli, na angebaki na sh 200,000 mkononi ambazo angeweza kununulia maharage wakati wa mavuno au mbolea kabla ya mvua. Faida hiyo ni ndogo kuliko ile ya kuuza vifaa 30, lakini haitegemei utabiri wa mtu yeyote.

Dalili za kuangalia

Muuzaji mdogo hahitaji kufuatilia kila fununu. Zipo dalili chache zilizo karibu naye zenye thamani zaidi.

Bei ya jumla ikishuka ghafla bila sababu ya msimu au ya thamani ya shilingi, huenda toleo jingine liko njiani. Mwenye duka la jumla aliyekuwa mgumu wa kukopesha akianza kusukuma mzigo kwa mkopo, muuzaji ajiulize kwa nini mzigo huo unakimbiwa. Vipuri kama betri na kava za aina fulani vikianza kuadimika, fundi ndiye atakayejua kwanza, hivyo ni vema kuzungumza naye kabla ya kupanda basi.

Uamuzi wa Serikali nao ni wa kuangaliwa kuliko uzinduzi wa Marekani. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu bandia nchini. Hatua hiyo ilitangazwa mapema na tarehe ikatajwa, hivyo haikuhitaji mtabiri. Aliyekuwa bado na simu bandia dukani alibaki na vyombo visivyopiga simu, ingawa viliweza kucheza muziki.

Aidha, makubaliano na mwenye duka la jumla yafanywe kabla ya kulipa. Wapo wanaokubali kubadilisha kifaa kisichouzika, kikiwa kwenye boksi lake, ndani ya muda fulani. Sharti hilo liandikwe kwenye risiti. Muuzaji naye aweke daftari la kinachouzwa kila mwezi, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la misimu miwili litamweleza mahitaji ya Kasanda vizuri kuliko mchambuzi aliyeko ng'ambo.

Kwa mkulima anayenunua, hesabu ni kinyume. Baada ya toleo jipya kutoka, la zamani hupungua bei huku likiendelea kufanya kazi ileile. Anayeweza kusubiri hadi Oktoba au Novemba ana nafasi ya kupata nafuu, ilimradi asitumie fedha ya mbegu.

Sasa kwa kuwa umeme wa gridi umefika katika wilaya hizo, jibu la swali la chaji linaanza kubadilika, na vifaa ambavyo zamani havikufaa vinaweza kupata soko. Muuzaji atakayeona mabadiliko hayo mapema ni yule anayejua ni vitongoji gani vimeunganishwa na vipi bado vinatumia sola, na anayenunua mzigo wake kwa kufuata hilo.