Mzigo si Mpagazi

Nyumbani tunaitwa Mama Fulani, kazini Mwalimu au Nesi, kanisani Mama Mwenyekiti, ukweni mke wa fulani. Kote tunaitika "abee". Je, anayeitika ni nani?

Historia ya Tabora yatusaidia kufikiri. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu hadi pwani, wakarudi na vitambaa na shanga. Mzigo wa mtu mmoja ulikaribia kilo 30. Baadhi ya wake walifuatana na waume zao, wakibeba vyungu na chakula. Lakini walipofika kambini walitua, wakanyoosha migongo. Mzigo haukuwa wao. Sisi tumezoea kubeba bila kutua, hata tunadhani sisi ndio mzigo.

Mwanafalsafa David Hume wa Uskochi aliandika mwaka 1739 kwamba kila alipojitazama ndani alikuta joto au baridi, upendo au chuki, maumivu au raha, wala hakujiona yeye mwenyewe. Tunamwelewa. Nasi tukijitazama tunakuta ada ya shule, unga na kikohozi cha mtoto. Lakini wasiwasi huo hauelei hewani. Yupo anayejua kwamba ni wake.

Tumtazame Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akaibwa utotoni, akauzwa utumwani, akakombolewa na Mapadre Weupe na kusomea uganga Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akawatibu watu huko hadi alipofariki mwaka 1956. Nchi, lugha na kazi, vyote vilibadilika. Hata hivyo, uzeeni alisimulia habari za utoto wake kama mambo yake mwenyewe. Waliomuuza waliuza mwili. Kumbukumbu hawakuweza kuiuza.

Basi, akina mama, kila jioni tutue walau robo saa, redio ikiwa imezimwa, tujiulize: leo nimeona nini, nimefurahia nini, nimeumia wapi? Tuwasimulie watoto wetu tulivyokuwa wasichana. Tuwaombe waume zetu watuite mara moja moja kwa majina tuliyopewa na wazazi. Kutua si uvivu, wala si kuikimbia nyumba. Mpagazi aliyepumzika ndiye aliyeweza kuamka alfajiri na kujitwika tena.