Maafa yakitokea Kampene, nani awajibike?

Udongo ukiporomoka katika machimbo ya dhahabu ya Kampene, mkoani Maniema, Kongo, wa kwanza kufika ni wachimbaji wenyewe, na makoleo na mabeseni yao. Serikali huja baadaye, ikija. Barabara ya kutoka Kindu, mji mkuu wa mkoa, wakati wa mvua kila mwenye pikipiki anaijua.

Lakini tatizo si tope peke yake. Sheria ya Oktoba 2008 inataka komini na sekta ziwe na mabaraza ya kuchaguliwa. Uchaguzi wa Desemba 2023 ukaleta madiwani katika komini za miji mikuu ya mikoa tu. Kindu ikapiga kura. Kampene ikabaki kungoja, nayo imezoea. Msimamizi wa teritware ya Pangi, iliyo na Kampene, huteuliwa. Akizembea, mwananchi hana kura ya kumwondoa.

Diwani hafukui mtu shimoni, na wapo madiwani wa kukalia viti tu. Hata hivyo, yeye ndiye wa kuuliza kabla ya masika: ushuru wa dhahabu umenunua pampu ngapi? Gari la wagonjwa liko wapi? Usiku wa manane, nani anampigia simu daktari mkuu wa eneo la afya? Kule Kamituga, Kivu Kusini, Septemba 2020, mvua ilijaza mashimo na watu wapatao 50 wakafa. Bila diwani, maswali kama hayo huulizwa baada ya mazishi.

Tume ya uchaguzi, CENI, itangaze tarehe ya uchaguzi wa mabaraza yaliyobaki. Wakati huohuo, mkuu wa sekta awaite wachimbaji na wauguzi, wakubaliane shimo lipi lifungwe mvua ikianza.